Nenda na swali la konde lenu: namna ya kusoma kilimo chuo kikuu ukafaidika

Muhogo wetu wa kijijini Konde, kaskazini mwa Pemba, ulikuwa unapendeza macho. Majani mabichi, shina nene, ukipita njiani unasema hapa pana chakula cha miezi. Mama akiuchimba, nusu ya kila muhogo imeoza kwa ndani, uozo mkavu wa rangi ya kahawia, mgumu kama gome. Hatukuwa na jina la jambo lile. Wapo waliosema ardhi imechoka, wapo waliosema husda. Mama yeye alikata palipooza, akachemsha palipobaki, na mabua akayakata pingili akayapanda tena. Majirani waliokuja kuomba mbegu aliwapa, maana mbegu ya muhogo kwetu haiuzwi.

Miaka michache baadaye nikiwa nasoma stashahada chuo cha kilimo cha Kizimbani, Unguja, mwalimu alipasua muhogo mbele ya darasa. Nikauona ule ule wetu. Akasema ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaletwa na virusi, ulielezwa kitaalamu tangu mwaka 1936 kule Amani, Tanga. Akasema huenezwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani, lakini njia kubwa ya kuupeleka mbali ni pingili zinazotolewa kwenye shina lenye ugonjwa. Nilishindwa kuandika. Wema wa mama, kuwapa majirani mbegu, ndio uliokuwa ukiusambaza.

Mie sasa ni bibi shamba huku Pemba, na shahada yangu niliimalizia chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro. Vijana wengi hunijia, na wazazi wao pia, wanauliza kusoma kilimo chuo kikuu kuna faida gani. Mie huwauliza kwanza: kwenu mnalima nini, na kitu gani kinawashinda? Mwenye jibu, chuo kitamfaa. Asiye na jibu namwambia arudi kondeni akalitafute, kisha aje tuzungumze fomu.

Kabla ya fomu

Nunua daftari moja lenye jalada gumu. Andika zao mnalolima, siku mliyopanda, mvua ilianza lini, mdudu gani alikuja na alianzia sehemu gani ya mmea, mlivuna pishi ngapi au magunia mangapi, na bei mliyouzia. Fanya hivyo masika moja na vuli moja. Wengi hupuuza shauri hili kwa kuwa halina gharama, na mie nakuomba usilipuuze. Daftari langu la mwanzo lilikuwa la baba, la hesabu za wachumaji wa karafuu: nani kachuma pishi ngapi, kamba ipi imekatika, siku gani mvua imekatiza uanikaji. Nilipofika mwaka wa pili na kufundishwa hesabu za uchumi wa shamba, nilikuwa na takwimu za kweli mkononi. Wenzangu walikuwa wakibuni mifano.

Kwa aliye bado skuli, kemia ndiyo ufunguo. Mwanafunzi anaikimbia kidato cha tatu kwa sababu ya maneno ya mtaani, halafu kidato cha sita anakuta milango ya agronomia (elimu ya mazao), udongo, mifugo na sayansi ya chakula imefungwa. Michepuo inayokaa vizuri ni ya kemia na baiolojia, ukaongeza jiografia, fizikia au kilimo chenyewe. Aliyesoma uchumi, jiografia na hesabati asikate tamaa, kozi za uchumi kilimo na biashara ya kilimo mara nyingi zinampokea. Sifa hizi hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka unaoombea. Usitegemee karatasi ya kaka yako ya miaka mitatu nyuma.

Njia ya pili ndiyo niliyopita mie, ya stashahada kwanza. Chuo cha Kizimbani sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na kipo pahala pake hasa, maana Kizimbani ni katika mashamba ya mwanzo kabisa Unguja kupandwa karafuu katika karne ya 19, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zanzibar ipo hapo hapo. Baadhi ya watu wanaiona njia hii kuwa ya walioshindwa. Mie nasema ni njia ya mkono kuzoea kazi. Nilipofika Morogoro nilikuwa tayari najua kubebesha miche (kuunganisha kikonyo cha mti mmoja na shina la mwingine), kuandaa kitalu, kumshika mbuzi wa chanjo. Nadharia ilipokuja ilikuta pa kukaa. Ukiishika njia hii, wastani wako wa stashahada uulinde tangu muhula wa kwanza, maana shahada inataka alama nzuri na hakuna wa kukuongezea mwishoni.

Kumshawishi mzazi

Hili lina mazito kuliko fomu zote. Baba yangu aliniambia, "Nimekupeleka skuli uliepuke jembe, wewe unalifuata mpaka chuo kikuu?" Hakusema kwa ubaya. Aliona mgongo wake ulivyopinda na hakutaka wangu upinde. Na mie ni mtoto wa kike, kunivusha bahari kwenda Morogoro lilikuwa jambo zito kwake.

Sikumjibu kwa maneno ya kazi na mshahara. Nilimchukua mpaka kwenye muhogo wa mama, nikachimba shina moja, nikaupasua, nikamweleza yale niliyoyasikia Kizimbani: kwamba mwaka 2007 watafiti wetu hapa hapa Zanzibar walitoa mbegu nne zinazostahimili ugonjwa ule, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Nikamwambia, baba, hawa waliozitoa walisoma hiki ninachotaka kusoma. Akanyamaza muda mrefu. Jioni alimwambia mama anitafutie sanduku.

Kwa hiyo ukitaka kumshawishi mzazi, mtolee mfano wa kitu anachokijua kwa macho yake. Kwa mfugaji, mweleze habari ya ndorobo. Unguja ilikuwa na mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa huo, aliyewaua ng'ombe wa watu. Kuanzia mwaka 1994 wataalamu walileta kwa ndege mbung'o madume waliolelewa Tanga na kupigwa mionzi wasizae, wakawaachia kwa wingi angani. Majike wa porini walipandwa na madume wale na hawakupata kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena. Mzee mfugaji akisikia kwamba elimu imefuta mdudu kisiwa kizima, hana tena neno la kusema kilimo ni cha waliofeli.

Kwa binti, ziada ni hii: nunua mabuti ya mvua, suruali pana za kuvaa ndani ya baibui au gauni siku za mashambani, na mitandio ya pamba isiyoteleza. Nimechimba mashimo ya udongo yenye kina cha mita moja na nusu nikiwa nimejistiri, na hakuna aliyenizuia wala kunicheka.

Fedha na karatasi

Mikopo ipo ya aina mbili kwa Mzanzibari: Bodi ya Mikopo ya Tanzania, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Soma masharti ya zote mbili. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na jina lako liwe na herufi zile zile katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya skuli. Mie jina la babu liliandikwa kwa "h" huku na bila "h" kule. Ofisi moja ilinizungusha wiki tatu, mara njoo kesho, mara faili halionekani, na nusura dirisha la maombi lifungwe. Nilimaliza kwa kiapo cha mahakamani. Kagua herufi leo.

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, halitoki siku unayoripoti. Beba fedha ya chakula ya miezi miwili hata ikibidi familia iuze mbuzi. Na bumu ni deni, utakatwa ukianza kazi, kwa hiyo usilile kwa simu mpya.

Kuchagua kozi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na visiwa havikui. Ardhi ya kulima inapungua kila nyumba inapojengwa. Hilo ndilo la kuwaza unapochagua. Mie nilichukua agronomia kwa sababu ya muhogo na mkarafuu. Ukiniuliza leo, ningewasukuma wengi zaidi kwenye bustani, yaani mboga, matunda na viungo, na kwenye sayansi ya chakula. Mboga na matunda mengi yanayoliwa kwenye mahoteli ya Unguja yanavuka bahari kutoka Bara, ilhali huku kwetu maembe yanaoza chini ya mti kwa nzi wa matunda, na shokishoki zinashuka bei msimu ukishika. Udongo ni kozi inayoogopwa na ina watu wachache, kwa hiyo anayeimaliza vizuri hana washindani wengi. Uhandisi wa umwagiliaji vilevile, ukifikiria mabonde yetu ya mpunga. Ugani, yaani kuwashauri wakulima mashambani, ni kazi ya mwenye subira na masikio.

Anayetoka Paje, Jambiani au Makangale kwenye mwani, aangalie pia sayansi za bahari. Mwani ule wa kotonii wenye bei nzuri unakufa maji yakipata joto, na kinamama wanabaki na spinosumu wa bei ndogo. Swali hilo linamngoja mtu.

Ukishafika chuoni

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo huo. Kipo Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Mambo yake yamegawanywa kwa ndaki, yaani vyuo ndani ya chuo kikuu, na ya kilimo ni mojawapo. Wiki ya kwanza nililia kwa ugeni. Wiki ya pili nilifuatana na wenzangu kupanda mlimani, tukaona watu wanavyolima mboga kwenye miteremko ya Mgeta, ardhi imesimama kama ukuta na bado wanavuna. Nikasahau kulia.

Faida kubwa niliyoipata pale ni kujifunza kupima. Nyumbani tulisema ardhi imechoka. Chuoni nilijifunza kuuliza imechoka nini. Nakupa kipimo kimoja uanze nacho hata kabla ya kwenda, cha kuchukua sampuli ya udongo, maana wengi hukosea hapo na majibu ya maabara yanakuwa ya bure.

Chukua ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea. Tembea konde lako kwa kupindapinda kama njia ya nyoka, simama pahala kumi mpaka kumi na tano. Ruka palipokuwa jaa, palipochomwa majani, njiani, na chini ya mwembe. Kila unaposimama fyeka majani ya juu, chimba kina cha bapa la jembe, kama sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu mpaka chini ya ukuta wa shimo, ukitie ndooni. Ukimaliza changanya wote, vunja mabonge, toa mawe na mizizi, anika kivulini juu ya gunia safi. Kutoka hapo chukua nusu kilo tu, tia mfukoni, andika tarehe, jina la konde na kina. Kama sehemu moja ni kichanga na nyingine ni kinamo, udongo wa kunata, usizichanganye, hizo ni sampuli mbili.

Niliubeba udongo wa Konde mpaka Morogoro, boti na basi, na mwalimu wa maabara hakucheka. Tuliupima uchachu. Nikajifunza kwamba kipimo kile, kiitwacho pH, kikishuka kutoka 6 hadi 5 uchachu umezidi mara kumi, wala si kidogo kama namba inavyoonekana. Siku ile nilielewa kwa nini mbolea ya baba ilikuwa haionekani kazi yake. Ilikuwa ipo ardhini, imeshikwa, mmea hauwezi kuichukua.

Kipimo cha pili ni jaribio lenye kulinganisha. Ukitia dawa shamba zima na mazao yakawa mazuri, hujui kama ni dawa au mvua. Acha tuta bila dawa. Rudia matuta kadhaa, na yapangwe kwa kura ili usijipendelee. Jambo dogo namna hii limeniokoa mara nyingi mbele ya wauza dawa wenye maneno matamu.

Kisha wapo wenzako. Keti na mtu wa Kagera akueleze mnyauko wa migomba, unavyohamishwa na kisu cha kukatia kutoka shina hadi shina. Mie mpaka leo nakichoma moto kisu changu kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na nimewafundisha wanakijiji. Keti na wa Kilombero akueleze mpunga, na wa Moshi akueleze kahawa chini ya kivuli cha migomba. Wazanzibari tukifika kule tuna tabia ya kukaa pamoja chumba kimoja na kupika pamoja. Pikeni, lakini darasani tawanyikeni.

Masomo yanayoangusha watu mwaka wa kwanza ni takwimu na kemia. Tafuta kundi la kusoma wiki ya pili, usingoje sapu, mtihani wa marudio. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, iombe nyumbani kwenu, Pemba au Unguja, mapema, kwa barua. Ukipangiwa ofisi ambayo inakutuma chai tu, omba kwa adabu ufuatane na bwana shamba siku za kwenda mashambani. Daftari lako litajaa.

Utafiti wa mwaka wa mwisho

Hapa ndipo swali la konde lenu linapolipa. Mie nilichagua vitalu vya mikarafuu, kwa sababu nilikuwa nimeona watu wakisia mbegu nyingi na kuota chache. Jibu la sehemu kubwa lilikuwa katika kukausha. Mkulima amezoea mahindi na kunde: mbegu ikauke, iwekwe, isiwe na wadudu. Mbegu ya mkarafuu haiko hivyo, ikikauka inakufa. Inatakiwa itolewe kwenye tunda lililoiva, isafishwe nyama, isikae wiki nyingi, isiwe kwenye jua, na isiwe gunia lililofungwa ikapata joto. Mche nao usiwe chini ya kivuli kizito mpaka siku ya kuhamishwa, unatakiwa uzoeshwe jua kidogo kidogo.

Bibi yangu alikuwa akipanda mche wa mkarafuu katikati ya muhogo na migomba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kubana nafasi. Nilipopima unyevu wa udongo na joto chini ya kivuli kile nilijua bibi alikuwa sahihi, na nikaandika hivyo katika ripoti yangu. Panga utafiti wako ufuate masika. Ukichelewa kuwasilisha pendekezo kwa mwezi mmoja, mvua haikungoji, na utaishia kufanya utafiti wa maswali ya karatasi ambao hukuutaka.

Ukirudi

Ajira ya serikali inaweza kuchelewa. Anza kitu ukiwa mwaka wa tatu, hata kitalu cha miche mia mbili nyuma ya nyumba. Mie niliuza miche ya karafuu, mdalasini na michungwa mwaka mzima kabla ya kupata kazi, na kitalu hicho bado ninacho. Wapo niliosoma nao walioingia kwenye maduka ya pembejeo, wengine wanapelekea mahoteli mboga, mmoja anakausha viungo na kuvifunga vizuri.

Na unaporudi kijijini usiende na maneno ya kozi. Wazee wetu wana majina ya udongo ambayo nilikuta hata wataalamu wa zamani waliyaandika katika vitabu vyao: kichanga, kinongo, kinamo, bopwe, utasi, maweni. Ukimwambia mzee bopwe hii inatuamisha maji, anakaa kitako mnazungumza. Mwache aanze yeye. Muulize alichokiona miaka arobaini, kisha mwonyeshe ulichopima.

Kwa mama nilileta pingili za Kizimbani na Mahonda. Sikumwambia ang'oe wa zamani. Nilipanda matuta mawili ya mbegu mpya na matuta mawili ya ile yake, konde moja, siku moja, mbolea ile ile ya samadi. Wakati wa kuchimba nilikaa pembeni nikamwachia kisu. Alipasua wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiweka huku na huku, mpaka mikeka miwili ikajaa. Hakusema kitu. Kesho yake alfajiri nilimkuta anang'oa mashina ya zamani mwenyewe na kuyachoma.

Siku hizi jirani akija kuomba mbegu ya muhogo, mama humkaribisha, humpa maji, kisha humwambia, "Ngoja kwanza tuchimbe mmoja, tuupasue."